Kura za Ziada za Muzee

Kambi yetu ilikuwa upande wa ziwa la Lac Vert, juu ya mawe meusi ya volkano, na robine zote za kuchotea maji zilikuwa karibu na barabara. Sisi tuliokimbia Bunagana, kule mpakani, tulikuwa wachache. Tulijenga mwisho kabisa, nyuma ya vyoo. Mke wangu alipofika na bidoni yake ya maji alikuta foleni ya watu wa Masisi na ya watu wa Kibumba, na mara nyingi maji yalikatika kabla ya zamu yake. Hapo aliteremka ziwani, kwenye njia ambayo wanawake waliiogopa.

Kisha tukasikia kwamba robine moja zaidi inakuja, na kamati ya wakimbizi ndiyo itakayosema iwekwe wapi. Kamati ya zamani ilikuwa imechaguliwa kwa kunyoosha mikono. Mikono ya watu wa Masisi na Kibumba ilikuwa mingi, kwa hiyo kwenye kamati ile hapakuwa na mtu wa kwetu hata mmoja.

Safari hii afisa wa maji, mtu wa Butembo aliyesema polepole kama anayefundisha katekisimu, alileta mtindo mwingine. Nafasi zilikuwa tano. Kila mutu alipewa karatasi yenye picha za wagombea: taa, jembe, mwavuli, pasi na nyinginezo, maana wengi hawakujua kusoma. Unachora mstari mmoja kwa unayemtaka kwanza, miwili kwa wa pili, mitatu kwa wa tatu. Mgombea akifikisha kura mia, ameingia. Zinazozidi mia hazitupwi. Zinahamia kwa yule mwenye mistari miwili kwenye karatasi hiyohiyo.

"Ndiyo maana hata walio wachache wanaweza kupata mutu wao," alisema.

Tukamsimamisha mama mmoja wa kwetu aliyekuwa akiuza sabuni mpakani. Picha yake ilikuwa mwavuli. Mimi, kwa kuwa niliwahi kupanga karatasi za mizigo kwenye forodha, niliwekwa miongoni mwa wahesabu, kwa sharti kwamba nisifungue mdomo kumtetea mtu.

Tulihesabu mchana, mbele ya watu wote, juu ya shitingi nyeupe ya plastiki iliyotandikwa chini. Mafungu tuliyakandamizia mawe ili upepo usiyachukue. Afisa aliinua karatasi, akawaonyesha watu, akataja picha yenye mstari mmoja.

"Taa! Taa! Jembe! Taa! Taa!"

Watu wakaanza kucheka. Taa ilikuwa picha ya muzee mmoja wa Masisi, mfugaji, mwenye umri mkubwa kuliko wote kambini. Hakuwa ameomba kura kwa mtu. Wenzake walimweka tu kwa sababu kumwacha kungekuwa aibu. Fungu lake likapanda, likainama, tukaligawa mawili. La mwavuli lilibaki jembamba. Nilipoangalia vizuri niliona taa ikiwa na mstari mmoja hata kwenye karatasi ambazo bila shaka zilikuwa za kwetu.

Jirani yangu, mama mwenye watoto wengi, alikuwa amesimama karibu na kamba iliyowazuia watu. Nikamtazama kwa hasira. Akanijibu kwa sauti:

"Unaniangalia nini, papa? Mimi nimuweke muzee nyuma ya muuza sabuni? Kesho nitamsalimia na macho gani?"

Ndivyo walivyofanya karibu wote. Walipanga wagombea kama wanavyowagawia watu chakula: mkubwa kwanza, halafu yule unayemtaka. Nikaona robine ikitupotea kwa sababu ya heshima.

Afisa aliposema kwamba muzee ameshapita, na kura zake za ziada sasa zitahama, kelele zikalipuka.

"Banaiba kura ya muzee!"

"Mutu amekula, sahani yake inapelekwa kwa jirani?"

Muzee mwenyewe akauliza kuna nini. Mjukuu wake akampigia kelele sikioni kwamba atabaki na kura mia.

"Mia?" akasema muzee. "Hata ng'ombe sikupata kuwa nao mia. Zinazobaki peleka!"

Watu wakacheka, na kicheko hicho kilituliza uwanja. Tukamwaga kura zote za muzee ndani ya besani kubwa la kufulia na kuzichanganya kwa mikono, kwa sababu za juu zilikuwa za watu wa Kibumba waliopiga mwisho, na tungechota hapo juu tu tungewapendelea. Mia zilipaswa kubaki ndani. Afisa akageuza uso pembeni, akaanza kutoa zile za ziada moja moja, na mimi nikisoma mistari miwili.

"Mwavuli. Pasi. Mwavuli. Mwavuli. Jembe. Mwavuli."

Nikajifanya nakohoa ili nisitabasamu. Zilikuwa za kwetu, zikirudi nyumbani kwa njia ya muzee. Zilizopaswa kutolewa zilikaribia kwisha na fungu letu bado lilipungukiwa. Kisha ukaja mwavuli, ukaja mwingine, na mhesabu mwenzangu wa Kibumba akalifunga fungu kwa uzi, akanisukumia. "Chukua, papa. Imetosha. Sasa pumua."

Nikapumua kweli.

Mama wa sabuni alikwenda moja kwa moja kumsalimia muzee, akainama.

"Hiyo robine utaiweka wapi?" muzee akamuuliza.

"Nyuma ya vyoo, muzee, kama utanisaidia kwenye kamati."

"Kwani huko kamati kuna kukaa ao kusimama?"

"Kukaa, muzee."

"Basi nitakuja."

Mke wangu alikuwa amesikiliza yote akiwa amekalia bidoni yake tupu. Hakupiga vigelegele. Alivua viatu, akanyoosha miguu.

Robine ilipofika, ikawekwa upande wetu. Asubuhi ya kwanza niliamshwa na ugomvi mkali wa foleni, sauti zote za kwetu, ya mke wangu ikiwa juu kuliko nyingine. Nikajifunika blanketi, nikalala tena.