Jogoo wa Mwenyekiti Apoteza Kichwa

Kila asubuhi, kabla ya kufungua kufuli la duka lake kule Langas, Eldoret, Ephantus Gathogo alilisoma bango lake mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayekagua kazi ya mwingine: FUNDI WA REDIO, PASI, TELEVISHENI NA KADHALIKA. Kisha alitoa kitambaa mfukoni akapangusa vumbi, akianzia na neno la mwisho, maana ndilo lililomlisha. Redio zao watu walikuwa wamejifunza kuzipiga makofi wenyewe. Hiyo "kadhalika" ndiyo iliyomletea mashine ya kukamulia maziwa, kengele ya kanisa, na siku moja meno ya bandia ya mwalimu mkuu mstaafu. Hakumrudisha mtu. "Kilete tukione," alisema, na kukiona alikiona kweli, hata nusu saa bila kukigusa, mpaka mwenye kitu akaanza kumshuku.

Selpha, aliyepanga chumba ng'ambo ya barabara, alilishuhudia jambo hilo la bango kila siku akienda kazini, na kila siku lilimchekesha. Jumamosi moja ya Julai, mwaka wa themanini na nane, hakucheka. Siku hiyo Gathogo aliitwa kwa mwajiri wa Selpha.

Mwajiri huyo alikuwa Mzee Jackson Kipyego, mwenyekiti wa chama tawala katika lokesheni hiyo, aliyechaguliwa kwa kura ya kupanga foleni, mlolongo wake mfupi ukaushinda mlolongo mrefu wa mpinzani. Mwanawe Joseph alikuwa mkimbiaji wa chuo kimoja cha Marekani, na kutoka huko alituma kompyuta. Hakuna aliyejua kuitumia nyumbani humo, kwa hiyo Mwenyekiti akamwajiri Selpha, ambaye alikuwa ametoka chuo cha uhazili. Mashine ikawekwa sebuleni, mahali ambapo mgeni angeiona kabla ya kuona chai.

Selpha alichora humo jogoo, alama ya chama, kwa ajili ya kadi za harambee. Alhamisi, mbele ya wageni watatu wakubwa, jogoo akapotelewa na kichwa. Shingo ikabaki, na juu yake mistari ya kijani. Wageni hawakucheka. Mmoja alikohoa, kisha wote wakakumbuka kwamba wana mkutano mwingine.

Mwenyekiti aliamua hapo hapo kwamba huo ni mkono wa mtu, na mkono uliogusa mashine ulikuwa mmoja tu. Ikabidi barua iandikwe kwa Di-O, mkuu wa tarafa. Lakini Mwenyekiti hakujua kupiga taipu. Basi alimsomea Selpha mashtaka ya Selpha, uchochezi na dharau kwa chama, naye Selpha akayaandika na kuuliza anataka nakala ngapi.

"Tatu," Mwenyekiti alisema. "Na uache nafasi chini ya fundi kutia sahihi, kwamba mashine haina kasoro."

Barua fupi kuliko hiyo ilikuwa imemtoa mwalimu mmoja darasani, na hadi Julai hiyo mkewe hakuwa ameambiwa aliko.

Gathogo alifika na televisheni yake juu ya mkokoteni.

"Kalamu hii hapa," Mwenyekiti alisema kabla fundi hajaketi.

"Tuione kwanza, Mzee."

"Uone nini na kichwa hakuna?"

Mashine ikawashwa. Jogoo akatokea mzima, kilemba chake chekundu juu.

"Si unaona, amekirudisha," Mwenyekiti alisema. "Hawa wanajua kuficha."

Gathogo alimtazama jogoo kwa muda mrefu. "Msichana, kaa kule mlangoni," alisema. "Mikono weka magotini, Mwenyekiti aione. Na kama kuna chai, mimi sijakataa."

Chai ikaletwa na Mama Joseph, mke wa Mwenyekiti, ambaye baada ya kumimina alirudia sindano zake za kufuma. Kila kitu katika sebule hiyo kilivaa kazi ya mikono yake: viti, redio, simu, hata chupa ya chai. Na kwa vile upepo wa Julai unaoteremka kutoka vilima vya Timboroa haumhurumii mtu, Mama Joseph hakuona vyema kitu kilichotoka kwa mwanawe kitetemeke ugenini. Alikifumia sweta la sufu nzito, lenye vifungo mgongoni, lililoacha wazi kioo tu na mahali pa kuwashia. Kompyuta ilifanya kazi ikiwa imelivaa. Nani huvua sweta Julai kwa sababu anafanya kazi?

Walipofika kikombe cha tatu, kilemba kikaanza kukatikakatika, kisha mdomo, kisha kichwa chote kikaenda. Mwenyekiti aliitazama mikono ya Selpha magotini, akamtazama jogoo, akairudia mikono.

"Labda aliiagiza tangu jana," alisema.

"Tumchapishe kwa karatasi," Gathogo alisema.

Printa ikakereza. Jogoo wa karatasi alikuwa na kichwa.

"Kwa mashine ni mzima, Mzee. Anachinjwa njiani, akienda kwa kioo."

Kisha akaiunganisha ile televisheni na kuzungusha kitufe mpaka picha ikaacha kupanda. Jogoo hapo alikuwa wa rangi ya majivu, lakini kichwa hakuwa nacho vile vile.

"Kioo basi hakina makosa. Inabaki kadi ya picha, ile inayochorea kioo." Alifungua vifungo vya sweta kimoja kimoja, kwa adabu, akafungua na misumari ya bati, akagusa ndani na kurudisha kidole upesi. "Imeiva. Haipati hewa."

Sindano za Mama Joseph zikasimama.

"Unasema bibi yangu ndiye amekata jogoo?" Mwenyekiti aliuliza.

"Nasema ni joto."

"Joto na Eldoret wapi na wapi?"

"Baba Joseph," Mama Joseph alisema, "andika basi kwamba ni mimi. Msichana si yuko hapo, atakupigia taipu."

Mwenyekiti hakuandika. Dirisha lilifunguliwa, mashine ikakaa uchi kwa robo saa, na ilipowashwa tena kichwa kilikuwa mahali pake. Gathogo alieleza kwamba kadi imeshaungua kiasi na itaugua tena, heri Joseph atume nyingine. Mama Joseph alizichukua zile nakala tatu, akaenda nazo jikoni kuwashia moto. Mwenyekiti akamwambia Selpha aje Jumatatu kama kawaida, kwa sauti ya mtu anayesamehe.

Selpha alimsaidia Gathogo kusukuma mkokoteni hadi barabarani. Tangu asubuhi hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.

"Mzee Gathogo," alisema, "na kama kile kichwa hakingepotea tukinywa chai, ungefanya nini?"

Gathogo aliikaza kamba iliyoshika televisheni.

"Ningetia sahihi," alisema.