Sikio la Ng'ombe Mwekundu

Nilipohamishiwa Maretadu kufundisha jiografia nilikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka na tabia ya kupiga picha kila kitu. Baada ya muda nilinunua kamera iliyotumika kutoka kwa mpiga picha wa harusi aliyekuwa anaacha kazi hiyo, nikajiunga na kundi la mtandaoni la watu wanaojifunza upigaji picha. Kundi lile halikuwa na huruma. Unaweka picha, wenzako wanaichambua. Picha yangu ya kwanza ilikuwa ya mifugo ikirudi jioni, na mtu wa kwanza kuijibu aliuliza, "Mwalimu, umepiga ng'ombe au umepiga vumbi?" Mwingine akasema anaona kitu kama mkia, ila asingeapa.

Nilicheka, kisha nikajirekebisha. Nilijifunza kutoka nyumbani kabla jua halijapanda, kwa sababu mwanga wa asubuhi unakuja kwa ubavu na kuonyesha umbo la kila kitu. Nilijifunza kulenga jicho la mtu au la mnyama, maana jicho likiwa na ukungu picha nzima imekufa hata kama mengine yote ni mazuri. Nilijifunza kusubiri. Na kila picha niliyoiweka kwenye ukurasa wangu niliiandikia maelezo chini yake: kata, kitongoji, majira, na kinachoonekana. Picha bila maelezo niliiona kama ramani isiyo na majina. Watu wa kundi walianza kunisifia kwa hilo. Walisema kwangu mtu haangalii tu, anajua pia yuko wapi.

Jirani yangu alikuwa mama mjane wa makamo, mwenyeji wa pale kwa vizazi. Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na shamba lake la mahindi na maharage. Alikuwa na mbuzi kadhaa na ng'ombe mmoja wa maziwa, jike jekundu lenye kifua cheupe. Maziwa ya ng'ombe yule aliyauza kwetu walimu na kwa wafanyakazi wa zahanati, na hayo ndiyo yaliyokuwa yakimlipia binti yake ada ya chuo cha uuguzi. Samadi yake ilikwenda shambani. Mama mwenyewe alipenda kusema kwamba nyumbani kwake wanakaa wafanyakazi wawili, na mmoja ana pembe.

Asubuhi moja ya baridi, mwishoni mwa mvua, nilimkuta akikamua. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linatokeza nyuma ya zizi. Nikamwamkia, nikamwomba nimpige picha pamoja na ng'ombe. Hakukataa. Alitaka tu kwanza avae kitenge kingine, akaenda, akarudi, akasimama wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Mama, endelea kukamua, usiniangalie mimi."

"Sasa binti yangu akiona nimemwinamia ng'ombe atajuaje kuwa ni mimi?"

"Atakijua kitenge."

Akacheka, akainama. Ng'ombe akageuza kichwa kunitazama, na hapo nikapiga. Mwanga ulipita kwenye sikio lake la kushoto likawa jekundu kama kaa la moto, mishipa yote inaonekana, na ukingoni ikaonekana mikato miwili midogo, ya zamani, iliyopona. Nilimwonyesha mama kwenye kioo cha kamera. Alitazama kwa muda mrefu. Akasema amemkamua yule ng'ombe miaka yote hii na hajawahi kuona kuwa ana kope ndefu hivyo. Akaniomba niiweke mtandaoni ili binti yake na wenzake chuoni waione. Niliiweka jioni ileile. Chini nikaandika Maretadu, nikataja na kitongoji.

Haijatokea picha yangu nyingine iliyopendwa kama ile. Watu wa kundi waliniambia kwamba sasa nimevuka. Walilisifia jicho, wakalisifia zaidi sikio. Watu wasionijua waliisambaza, na kwa siku kadhaa simu yangu haikutulia.

Kisha akaja mwanamume wa makamo kwa pikipiki, amevaa koti la ngozi, adabu zake nzuri. Aliulizia nyumba ya mwalimu anayepiga picha, akaelekezwa. Alijitambulisha kuwa anafanya biashara Katesh, ila kwao ni Masakta, na yeye ndiye mtoto wa kwanza kwa baba yake. Akatoa simu, akanionyesha picha yangu, akaikuza kwa vidole viwili mpaka kioo kizima kikawa sikio.

"Hii alama ni ya nyumbani kwetu," alisema. "Baba huwakata hivi ng'ombe wake wote. Huyu anafanya nini hapa?"

Nilimwambia kwamba mimi si mwenyeji, na kwamba mwenye ng'ombe ni jirani yangu. Akatabasamu kidogo aliposikia neno mwenye. Alikwenda kwa mama, wakaongea Kiiraqw uani kwa utulivu, na aliondoka bila kunywa chai aliyokaribishwa. Alipoondoka mama alikaa juu ya gogo na ndoo tupu miguuni. Ndipo aliponieleza jambo ambalo kila mtu pale alilijua isipokuwa mimi.

Ng'ombe hakuwa wake. Miaka ya nyuma, marehemu mume wake alipokuwa kijana asiye na kitu, yule mzee wa Masakta alimpa mtamba amtunze. Watu wa kwao wamefanya hivyo tangu zamani. Mwenye mifugo haweki yote kwenye zizi moja, ili ugonjwa au ukame ukipiga upande mmoja, upande mwingine ubaki. Anamwekesha rafiki. Maziwa na samadi ni vya anayetunza, ndama ni wa mwenye mifugo, na mara mojamoja anayetunza naye hupewa ndama wake. Ng'ombe mwekundu alikuwa mjukuu wa mtamba yule wa kwanza. Mume alipofariki, mzee alikuja msibani, akala, akalala, akaondoka bila kumtaja ng'ombe. Mama alielewa kwamba urafiki umehamia kwake.

"Na watoto wa mzee hawajui?" niliuliza.

"Mzee hatangazi ng'ombe wake wako wapi. Akitangaza, wanawe watawagawana yeye akiwa bado anakula ugali. Siku akizikwa, sisi tunaowatunza tutajitokeza wenyewe, kila mtu aseme ninaye huyu na huyu. Hiyo ndiyo heshima yetu."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kabla sijaiweka picha. Alishangaa swali lenyewe. Alisema picha zangu za awali alizokuwa akionyeshwa hazikuwa na sikio.

Wiki ile mtoto wa mzee alifungua shauri kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nilialikwa kwa kuwa picha ni yangu. Tulikaa uani kwa mwenyekiti, kwenye mabenchi. Kijana, nitamwita hivyo ingawa alikuwa na mvi, aliongea kwanza, na sikuweza kumchukia. Alisema baba yake amezeeka na kumbukumbu zinampungukia. Akiondoka ghafla, nani atahakikisha kila mtunzaji ni mwaminifu? Yeye haiti mtu mwizi. Anataka ng'ombe wa baba yake warudi nyumbani wahesabike, na atakayeuzwa auzwe wazi. Kisha akasema jambo lililonifanya nijute kukaa benchi la mbele. Alikuwa ameupitia ukurasa wangu wote, picha kwa picha, akitafuta masikio mengine. Maelezo ya mwalimu, alisema, yanasaidia sana.

Mama hakubisha. Alisema ng'ombe ni wa mzee, hajawahi kusema vinginevyo. Mzee mwenyewe akimtaka, atamkabidhi saa hiyohiyo. Ila si kwa mtu mwingine, mzee akiwa hai.

Mzee alikuwa ameletwa kwa pikipiki ya mwanawe. Alikuwa mrefu, mkavu, koti kubwa la kijivu limemwishia magotini. Alikuwa mzee wa kanisa huko kwao, na wengi pale walimjua hivyo. Alikuwa amekaa na fimbo katikati ya magoti. Mwenyekiti akamwomba aitazame picha. Mwanawe akapiga goti pembeni yake, akaishika simu, akaikuza. Mzee aliitazama kwa jicho moja, akasogeza kichwa, akatazama tena. Nilimwona mama akitazama chini.

"Huyu ng'ombe simjui," mzee alisema.

Kijana akamwambia baba, tazama sikio. Mzee akasema masikio yanakatwa na watu wengi. Akaongeza kwamba ng'ombe aliye kwa mama huyu ni wa mama huyu, na kama kuna mtu anataka kumwita yeye mwongo mbele ya watu anaoshiriki nao meza ya Bwana, aseme. Mwenyekiti akafunga kikao. Kijana alikaa muda akiitazama simu yake, halafu akaenda kuwasha pikipiki, akamsaidia baba yake kupanda, akamfunga koti vifungo kwa sababu ya upepo.

Nilirudi na mama nikiwa nimepumua. Nilimwambia kwamba mambo yameisha vizuri, ng'ombe sasa ni wake kabisa, na mbele ya mashahidi. Alijivutia kitenge mabegani.

"Amesema hanijui," alisema.

"Amesema hamjui ng'ombe, mama."

"Ni kilekile. Mimi na yeye tunajuana kwa nini kingine?"

Siku zilizofuata watu walianza kunijia mmoja mmoja, jioni jioni, kwa sababu ndogondogo. Mmoja aliazima chepe, mwingine aliuliza habari za mtihani wa mwanawe. Kisha kila mmoja aliomba, kama jambo lililomjia hivi hivi, nimwonyeshe ile picha yenye zizi lake. Wakimaliza kuitazama, wananiomba niitoe. Hawakusema sababu, wala sikuuliza. Kwa namna walivyotazama nilianza kujua ng'ombe yupi si wa zizi alimo. Nilijua mambo ambayo hata wake zao pengine hawakuyajua. Nimezoea kutaka kujua, lakini haya sikuwa na pa kuyaweka. Usiku mmoja niliketi nikatoa kila picha yenye mnyama, nikazifuta kwenye kamera, kwenye simu, na kwenye kadi. Nilipomaliza, ukurasa wangu ulikuwa na milima, kanisa, na mawingu. Kundi liliniuliza kulikoni. Nikajibu kwamba nabadilisha mwelekeo.

Jumamosi moja mama alinigongea kukiwa na ukungu bado. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, kamba mkononi, na ng'ombe nyuma yake. Alisema anakwenda Masakta na kwamba asingependa kwenda peke yake. Nilimkumbusha ada ya binti. Alisema binti yuko mwaka wa mwisho, watajibana. Nilimwambia kwamba mzee amekwisha kumwachia ng'ombe. Alisema mzee aliongopa kwa ajili yake, mtu wa umri ule, mzee wa kanisa, na yeye hawezi kila asubuhi kukamua uongo wa mzee wa watu akawauzia walimu. Nilichukua sweta.

Tulitembea mchana wote, tukipumzika ng'ombe anapokula, na tulifika jua likiwa limeshuka. Mzee alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha kamba. Mama alimwamkia kwa kupiga goti, mzee akaitikia, wakaulizana habari za mahindi, za mvua, za wagonjwa. Ng'ombe alisimama katikati yao muda wote huo na hakuna aliyemwangalia.

"Nimemleta," mama alisema mwishoni.

"Ungekaa naye."

"Ningekaa naye kama nani, baba?"

Mzee aligeuza fimbo mkononi. Mwanawe alitoka ndani, akasimama mlangoni, akaelewa. Hakuonyesha furaha yoyote. Alipokea kamba kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu kutoka kwa mkubwa wake, akampeleka ng'ombe zizini. Alirudi akasema njia ni mbali na giza linaingia, atatupeleka kwa pikipiki mmoja mmoja, au tulale. Mama alishukuru. Alisema tutalala kwa dada yake mkubwa, si mbali. Tulipoaga, mzee alimpa mkono, na hakuuachia upesi. Ila hakusema njoo tena, neno ambalo huku mtu husema hata kwa mgeni asiyempenda.

Njiani mama alikuwa mbele yangu. Bila kugeuka, aliniuliza kama ile picha bado ninayo, ile ya kitenge.

Nilimwambia kwamba nilizifuta zote. Hata kwenye kadi.

"Binti yangu je?"

Alikuwa ameniambia mwenyewe kwamba simu ya binti iliibiwa chuoni. Nilimkumbusha. Akaitika, akakumbuka. Tulikwenda hatua kadhaa.

"Basi anayo yeye aliyepokea kamba," alisema.