Bwana Posho hakuwa mlevi, mimi ndiye niliyesema

Wakuu, salamu kwenu nyote, na wakubwa zangu humu shikamooni.

Hili nimekaa nalo miaka karibu thelathini. Leo nalitoa. Sitaongeza chumvi, maana lenyewe lilivyo linatosha.

Limenitoka baada ya kusoma ule uzi wa humu kumhusu yule dada wa tamthilia. Mmemchambua kama dagaa. Eti anafika location saa sita mchana, eti anawafokea watu wa kamera, eti kakataa filamu kubwa kwa maringo. Nimesoma kurasa zote na nimecheka, sikatai. Wasanii wa sasa wengine wamezidi. Mtu kaigiza mara mbili tu, tayari ana mtu wa kumbebea pochi!

Lakini ngoja niwape ya kwangu.

Niwarudishe Mwanza, enzi za ruksa, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa kiwanda cha nguo kule Nyakato, idara ya kukunja vitenge. Vijana hamjui, zamani kiwanda chochote cha maana kilikuwa na timu ya mpira, kwaya na kikundi cha maigizo. Ukitoka shifti mchana, unaingia bwaloni kwa mazoezi, na jasho lako hivyo hivyo.

Staa wetu alikuwa Masalu, fundi wa mashine za kufuma. Jukwaani aliitwa Bwana Posho, mume bahili anayelala na ufunguo wa kabati la sukari. Mimi nilikuwa mkewe, Mama Chuki. Watu sokoni walikuwa wananiuliza kama leo nimepewa sukari.

Sasa tabia zake kazini, maana ndiyo mada yenyewe.

Kufanya kazi na yule mtu ilikuwa adhabu. Kwanza alitaka chakula cha kweli jukwaani. Igizo likiwa na ugali, ugali upikwe, na samaki awe samaki. Halafu anakula mpaka sahani inang'aa, mimi nimekaa pembeni na njaa ya shifti namtazama.

Pili, kichekesho cha mwisho hakukifanyia mazoezi kamwe. Alisema nikikijua mapema nitacheka uongo. Basi kila onyesho sijui atanifanyia nini. Siku moja alinivua kilemba mbele ya ukumbi mzima akakipima kwa futi kamba, kisha akawauliza watu wa mbele watampa shilingi ngapi. Nilitamani ardhi ipasuke. Ukumbi ulichelewa kutulia, na mimi mwenyewe nilikuwa nimegeukia ukuta mbavu zinaniuma.

Nilimpenda yule mtu, wakuu. Msinielewe vibaya, nilimpenda kama ndugu. Hakuchelewa hata siku moja. Alifagia jukwaa mwenyewe. Na pombe hakuigusa, kwa sababu ndiyo iliyommaliza baba yake. Hilo nililijua vizuri. Likumbukeni.

Kiwanda kikaanza kuuzwa. Wakapunguza watu, na mimi nikawemo. Kikundi kikafutwa, mwekezaji hakutaka mambo ya ngoma. Tukaendelea wenyewe, tunakodi kumbi za mjini, nguo za jukwaani tunachagua kwenye mitumba. Nilikuwa na watoto wawili na baba yao alishaniacha. Jukwaa ndiyo ilikuwa kazi yangu pekee iliyobaki.

Ndipo wakaja wageni kutoka Dar. Televisheni ndiyo kwanza zinaanza nchini, wanatafuta waigizaji. Walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume mwenye daftari. Walisema wataangalia vikundi viwili vya Mwanza, kimoja watakichukua kikafanye kazi Dar, kwa mshahara. Sisi tulipangiwa Jumapili saa tisa, ukumbi mmoja pale Mirongo.

Sikulala wiki nzima. Nilishawaambia wanangu watasoma Dar.

Jumamosi jioni akafariki Mzee Kondo.

Mzee Kondo alikuwa mvuta pazia wetu, Mzaramo aliyekuja kiwandani ujanani na hakurudi kwao tena. Maziko yakapangwa Jumapili baada ya swala ya alasiri. Na Masalu ni Msukuma. Mnaojua utani mshaelewa. Msukuma na Mzaramo ni watani, na mtani ana kazi yake msibani. Anavaa nguo za marehemu, anamwigiza anavyotembea, anavyoongea, anavyogombana. Wafiwa wanacheka huku wanalia. Hiyo ni heshima, na asiyefanyiwa ni kama amezikwa nusu.

Asubuhi Masalu akaja kwangu. Akasema leo hapandi jukwaani, anakwenda kumwigiza Kondo.

Nilidhani anatania. Nikamwambia Wasukuma wamejaa Mwanza nzima, yeyote anaweza kuvaa koti la marehemu. Nikamwambia habari za wanangu. Nikamshika mkono kabisa.

Akaniambia, "Nani mwingine anakijua kikohozi chake?"

Akaondoka.

Tukapanda bila yeye. Nafasi yake alikaa mpiga ngoma wetu, masikini, akasahau maneno yake mpaka akaanza kusema ya kwangu. Watu wakawa wanatoka mmoja mmoja.

Baada ya pale yule mgeni wa daftari akanifuata. Kwa upole kabisa akasema wao walikuja kumwona Bwana Posho, sifa zake zimefika Dar. Wanaondoka na treni Jumatatu jioni. Je, anaweza kuja kesho asubuhi awafanyie kipande kidogo tu?

Wakuu, mlango ulikuwa wazi. Nilitakiwa kusema ndiyo, nikae kimya.

Lakini nilikuwa nawaka. Nikasema, "Kalewa huyo. Ndiyo kawaida yake."

Akaandika. Akafunga daftari.

Nikatoka pale moja kwa moja hadi msibani, nimejaza maneno mdomoni ya kumtukana. Nikamkuta uani, wametoka kuzika. Amevaa koti la Mzee Kondo na kofia yake ya kiua. Anakohoa vile vile, kavu, mara tatu, halafu anashika kiuno. Anavuta kamba ambayo haipo. Anatufokea sisi waigizaji tufunge midomo, pazia halifunguki mpaka aletewe chai ya tangawizi, na si hii iliyopoa.

Mjane wake, Bi Mwajuma, alikuwa hajafumbua mdomo tangu jana. Alicheka mpaka akamwangukia mwenzake, ndipo kilio kikamtoka. Na mimi niliyekuja na matusi nikajikuta nacheka na kulia pamoja nao. Alikuwa Mzee Kondo mtupu.

Kesho yake nilitakiwa kwenda kwa wageni kufuta maneno yangu. Sikwenda. Niliona aibu, na ili niseme ukweli wote, hasira ilikuwa bado haijaisha.

Walichukua kikundi kile kingine. Wengine kati yao mmewatazama sana kwenye luninga zenu, na walistahili, siwaonei kijicho.

Neno langu likasambaa mjini, Masalu akabaki na jina. Ukienda kukodi ukumbi unaulizwa, mlevi wenu atakuwepo? Kuna shule ilikataa kabisa asiingie. Yeye anacheka tu, anapanda jukwaani, anamaliza ugali wangu. Tukaigiza pamoja miaka mingine mitatu. Sikumwambia.

Kikundi kilipokufa akaamua kurudi kwao Sengerema kulima. Nikamsindikiza kivukoni. Tukakaa kusubiri kivuko cha Kamanga, yeye, mkewe wa ndoa na mizigo. Nikaona asipojua leo, nitakufa nalo.

Nikamwambia, "Masalu, ni mimi niliyewaambia wale wageni umelewa."

Alikuwa anafunga godoro kwa kamba. Hakuacha.

"Najua. Jumatatu ile asubuhi niliambiwa, na aliyesema nikatajiwa."

Nikamuuliza, treni si ilikuwa inaondoka jioni? Kwa nini hakwenda kujitetea?

Akanitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto. "Niende nikaseme nini? Kwamba mke wangu ni mwongo?"

Mkewe wa kweli, amekaa pale juu ya gunia, akacheka na kunipa khanga nifute uso. Nililia mpaka abiria wakadhani tunasafirisha msiba.

Funzo langu ni hili. Mchambueni msanii kwa kazi yake, hata mimi nitachangia, nina mengi. Lakini mnapofika kwenye tabia zake kazini, naona mnaandika "nimeambiwa na mtu wa ndani". Wakuu, mimi ndiye nilikuwa mtu wa ndani. Kuliko mimi hakuna aliyekuwa ndani.

Mnaotaka kunichapa karibuni, nimestahili. Ila kama kuna mtu humu alimwona Bwana Posho jukwaani, naomba aandike alichokiona kwa macho yake. Mjukuu wa Masalu ana simu, ameniahidi Jumapili atamsomea babu yake comment zote.