Jeti ya Kapteni

Mume wangu alikuwa konstebo wa trafiki, Mkatoliki kutoka kaskazini. Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Bombo, na kazi yangu ilikuwa kupika waragi, pombe yetu kali kama gongo. Yeye ambaye dini yake haikumkataza hakuwa mnywaji. Mimi niliyekatazwa ndiye niliyekuwa na mtambo nyuma ya jiko. Majirani zetu wa Kamwokya walisema tumechanganyikiwa wote wawili. Hata hivyo tulielewana katika kila jambo, isipokuwa sufuria.

Sufuria zilikuwa zangu, na mume wangu, aliyetengeneza pikipiki za watu baada ya zamu, alizipikia kabureta. Nilikuwa nafunua kifuniko nikitegemea maharage, nakuta chuma kinatokota pamoja na ndimu. Nikipiga kelele, ananijibu kwa upole, "Mke wangu, subiri kidogo, bado haijaiva."

Ilikuwa miaka ile ambapo wenye maduka walikuwa wamefukuzwa nchini na serikali ya kijeshi, na maduka yakapewa watu waliojua kuuza kilichomo tu, si kuleta kingine. Sukari ilipotea, sabuni ikaifuata. Petroli iliyopatikana ilikuwa na maji, mafuta ya taa, na vitu vingine ambavyo sitaki kuvifikiria. Pikipiki za mji mzima zikaanza kukohoa. Vipuri havikuwepo, kwa hiyo ilibidi kabureta kuukuu zifufuliwe. Watu walituletea nyumbani zikiwa zimefungwa kwenye vitambaa kama nyama ya magendo.

Siri ya mume wangu ilikuwa waragi yangu. Si ile ya kuuza. Ni yale matone ya kwanza kutoka mtamboni, makali ajabu, ambayo hata walevi wa Bwaise sikuthubutu kuwauzia. Aliyamimina kwenye kikombe cha bati, akatumbukiza humo vipande vidogo vya kabureta, na uchafu wote ukayeyuka. Kisha alichukua jeti, na simaanishi ile ya kuruka angani, bali kipande cha shaba kama punje ya mahindi, chenye kitundu chembamba ambamo petroli hupita. Aliiweka midomoni akapuliza. Ikipitisha pumzi, imepona.

Jumamosi moja mchana akaja kapteni wa jeshi, akisukuma pikipiki kubwa ya Kiingereza. Hatukuuliza ilikuwa ya nani kabla yake. Alikuwa mtu mnene, anatoka jasho, na alitaka kuipanda siku hiyohiyo kwenda Ggaba, kule ziwani, ambako kulikuwa na mwanamke muuza samaki aliyekuwa hajakubali kumtazama.

"Pikipiki nakohoa," akasema. "Wewe tengeneza. Mimi nangoja hapa."

Mume wangu alifungua kabureta, akatoa boya lake la shaba, akalitikisa karibu na sikio. Ndani mlikuwa na petroli.

"Limetoboka, afande. Linataka risasi."

Kapteni akagusa bastola kiunoni. "Risasi iko mingi. Nataka ngapi?"

Ilibidi aelezwe kwamba ni risasi ya kuchomelea, ile inayoyeyuka. Nadhani hilo lilimvunja moyo kidogo.

Mume wangu akatumbukiza vipande vidogo kwenye kikombe, akakiacha mezani, akatoka kwenda kuchochea makaa. Mimi nilikuwa jikoni namenya matoke. Tukamwacha mgeni peke yake chumbani na kikombe, na bila shaka akaona tumemkaribisha. Niliporudi kumpa maji, nilimkuta amelegea kwenye kiti, macho mekundu, machozi yanamtoka.

"Mama," akaniambia kwa heshima kubwa, "hii waragi yako ni mwanaume."

Kikombe kilikuwa kikavu. Nikamwita mume wangu. Alimwaga vilivyobaki kwenye kitambaa: skrubu, sindano, skrubu nyingine. Akakitingisha kikombe, akachungulia ndani. Kisha akanitazama, nami nikaona rangi ya uso wake inabadilika.

Tulitoka nje tukanong'ona.

"Jeti haipo."

"Tafuta nyingine."

"Nyingine iko Uingereza."

"Basi nyamaza."

"Nikinyamaza pikipiki haiwaki. Isipowaka, atasema nimeihujumu."

Siku hizo watu walichukuliwa kwa makosa madogo kuliko hayo na hawakurudi. Wa kusema alikuwa ni mimi, maana konstebo hawezi kumwambia kapteni habari kama ile. Nikaingia, nikapiga goti kama inavyopasa.

"Afande, ulipokunywa, hukuhisi kitu kigumu kooni?"

Akafikiri. "Nilihisi. Mbegu ya ndimu."

"Haikuwa mbegu, afande. Ni jeti ya pikipiki yako."

Nilitegemea bastola. Badala yake uso ule mkubwa ukasinyaa kama wa mtoto, akashika tumbo kwa mikono miwili.

"Mimi nakufa?"

"Hufi, afande. Itatoka."

"Natoka wapi?"

Mimi na mume wangu tukatazama sakafu. Kapteni naye akatazama sakafu. Ndipo akaelewa.

"Hii ni siri ya jeshi," akasema hatimaye.

Nilimfungia mapapai mawili na kumwagiza ale uji wa mtama kwa wingi. Akaondoka kwa miguu, polepole, kama mtu aliyebeba mayai. Pikipiki ikabaki uani kwetu, na katika zile siku za kungoja sikupata usingizi wala hamu ya chakula. Kila gari liliposimama barabarani nilikwenda kuchungulia dirishani.

Akarudi peke yake, bila dereva, mkononi ameshika kiberiti kilichofungwa kwa uzi. Akakiweka mezani.

"Nimeosha mimi mwenyewe."

"Kwa sabuni?" nikauliza.

"Sabuni iko wapi, mama?"

Hata yeye hakuwa nayo. Nilichemsha jeti ile kwa majivu na ndimu kwenye kopo, si kwenye sufuria, nikabadilisha maji, nikachemsha tena, nikaisuuza kwa waragi. Iling'aa kama pete ya harusi. Nikampa mume wangu. Akaanza kuifunga moja kwa moja kwenye kabureta, lakini kapteni alikuwa ameshawahi kusikia sifa za kupuliza kwake.

"Puliza kwanza," akasema.

"Ni safi, afande."

"Puliza. Kama imeziba?"

Mume wangu alifanya ishara ya msalaba, akafumba macho, akaiweka midomoni, akapuliza. Ilipitisha pumzi. Mimi nilikuwa nimeuma kanga yangu mpaka ikatoboka, kwa sababu kumcheka mwanajeshi uani kwako ilikuwa njia ya haraka ya kuufunga ua huo.

Pikipiki iliwaka kwa kiki ya kwanza, ikanguruma vizuri. Kapteni akacheka kwa sauti, akampiga mume wangu begani, akaenda Ggaba. Jioni alirudi na samaki watatu aina ya ngege kwenye kamba, wamenona, na hakusema kama mwanamke alimtazama. Baada ya hapo alipita mara kwa mara kusafishiwa kabureta. Alikuwa mtulivu, anauliza hali ya watoto, wala hakuwahi tena kugusa kitu cha kunywa kwetu, hata maji.

Kisha akaacha kuja. Hatukuulizia. Ukiulizia mtu wakati ule, na wewe ulikuwa unaanza kuuliziwa. Vita vilipofika mjini na serikali yake ikakimbia, mume wangu alitafuta sura yake miongoni mwa waliopita kwenye malori, asimwone.

Wiki hiyo ndipo tulipoicheka habari ile kwa sauti, madirisha wazi, mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Nilipofika pale pa kupuliza, mume wangu akapangusa midomo.

"Lakini alikuwa ameiosha vizuri," akasema.