Lambo Lililokunywa Maji

Tereza Chilongani hakuwahi kuomba uongozi wa kitu chochote. Hata kwaya ya mtaani kwao ilipotaka kumpa uhazini alikwenda kujisaidia, akakaa huko mpaka alipowasikia wenzake wanampigia makofi mtu mwingine. Alikuwa mama wa shughuli zake. Alilima mtama na karanga, na masika yakiingia alichuma mlenda porini, akauanika, akautwanga, kisha akaupeleka Majengo, Dodoma mjini, ambako wateja walimwita Mama Mlenda na wengi wao hawakujua kama ana jina jingine. Kitu kimoja tu Mungu alimpimia kwa kufurisha, nacho ni sauti. Akisimama kizingitini kwake kumwita bintiye Anitha, akina Anitha wa vitongoji vya jirani nao waliitika.

Sauti hiyo ndiyo iliyomponza.

Kitongoji chao cha Masangha, nje kidogo ya Haneti, kina lambo moja. Ng'ombe wananywa hapo, punda wananywa hapo, matofali yanafyatuliwa kwa maji ya hapo, na bomba la kijiji likigoma, ambalo kugoma si jambo geni kwake, hata chai inapikwa kwa maji hayohayo. Tereza alipokuwa msichana lambo lilikuwa na kina cha kumtisha mtu. Lakini kila mvua ilishuka na mchanga wake, na mchanga ukishaingia hauagi. Mwishowe likawa bakuli la matope. Kiangazi kikianza kuchanganya tu, kina mama walishafunga madumu kwenye punda na kushika njia ya kwenda kufukua maji mtoni.

Mwenyekiti wa kamati ya maji wakati huo alikuwa Mzee Nikodemo, mtu mpole, mwenye koti la suti ambalo hakulivua hata kwa jua la Oktoba. Kila mkutano alisimama, akakohoa kidogo, akasema, "Ndugu zangu, greda linakuja." Hakuwa mwongo. Kuna mtu mahali fulani alimwahidi greda la kuchimbua lambo, naye akaamini kama anavyoamini Jumapili itafika. Watu walikwishazoea, hadi punda mmoja mvivu pale kitongojini alikuwa akiitwa Greda.

Siku hiyo ya mkutano Tereza alikaa nyuma kabisa, anabangua karanga. Nikodemo akakohoa. "Ndugu zangu, greda linakuja." Tereza akamwinamia jirani yake kumnong'oneza, au alivyodhani yeye kuwa ni kunong'ona: "Hilo greda likifika litakuta tumebaki mifupa, litufukie tu."

Mkutano mzima ulisikia. Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Nikodemo akavua miwani, akaifuta taratibu kwa pindo la koti.

"Mama Anitha," alisema, bila hasira, "basi pita mbele utuongoze wewe."

Alisema kwa utani. Lakini mtu mmoja akadakia, "Naunga mkono!" na mikono ikaanza kupanda kama mtama baada ya mvua. Tereza akatazama kushoto, akatazama kulia, akitafuta mahali pa kujificha. Uwanjani hapo choo kilikuwa mbali.

Alirudi nyumbani na cheo ambacho hakwenda nacho. Mumewe, Gideoni, seremala wa maneno machache, alimsikiliza huku akiendelea kupiga randa.

"Ulimi umeitafuta kazi," alisema mwishoni. "Mikono itaifanya."

Tereza hakulala akiwaza greda. Aliwaza majembe. Kila nyumba Masangha ina jembe, na zamani watu walichimba kwa ujima: unakwenda kwa mwenzako, mnafanya kazi, mnakunywa, mnaimba, mnarudi. Basi akaitisha ujima. Hapo ndipo alipokutana na tatizo lake la kwanza la uongozi, nalo halikuwa mchanga. Lilikuwa pombe. Wazee wa upande wa mlimani walisema ujima bila pombe ya mtama si ujima, ni kifungo. Kina mama wa kanisani wakasema hawatashika jembe mahali penye walevi. Na Msafiri, kijana wa Busi kule Kondoa aliyeoa hapo Masangha na kufanya biashara ya kubeba mizigo kwa toyo, pikipiki ya matairi matatu yenye bodi nyuma, alisema yeye ni Mwislamu, pombe hata harufu yake hapandi nayo chomboni.

Wakabishana jua likageuka. Mwishowe Tereza akasimama.

"Togwa itakuwa upande huu wa tuta," alisema, "na pombe upande ule. Katikati ni kazi. Anayetaka kuvuka kwenda upande wowote, avuke na karai la mchanga kichwani."

Walicheka, na aliyecheka hawezi tena kukataa. Asubuhi ya siku iliyopangwa walijaa lamboni mpaka mahali pa kusimama pakakosekana. Upande wa togwa ukawatambia upande wa pombe, upande wa pombe ukajibu kwa nyimbo ambazo kina mama wa kanisani walijifanya hawazisikii. Toyo la Msafiri lilitoa mchanga, likarudi, likatoa tena. Tereza alipanda juu ya tuta, akaachia sauti yake yote. "Chimbeni! Shimo refu ndiyo maji mengi! Chimbeni!"

Wakachimba. Walifika kwenye udongo mweusi mzito, wakaupita. Hakuna aliyesema basi, maana kila upande haukutaka kuwa wa kwanza kuchoka.

Kazi ilipokwisha kamati iliweka uzio wa miiba kuzunguka lambo, ikajenga birika dogo pembeni la kunyweshea mifugo, na mkutano ukapitisha sheria: ng'ombe hawaingii majini. Kila mtu alinyoosha mkono, isipokuwa wale waliokuwa hawapo. Mmoja wa waliokuwa hawapo alikuwa Yotham, kaka yake Tereza, mwenye kundi kubwa kuliko yote Masangha, aliyekuwa ameswaga mifugo yake mbali kutafuta majani.

Mvua za kwanza zilipopiga, Yotham akarudi. Aliona maji yanang'aa, akaona miiba, akaisukuma kando kwa fimbo. Ng'ombe wa mbele walikuwa wameshalowesha kwato Tereza alipofika mbio, kanga mkononi.

"Shikamoo kaka," alisema akihema.

"Marahaba. Nani ameweka miiba kwenye maji ya baba yetu?"

"Mkutano umeweka. Ng'ombe wanywe pale birikani, kaka."

Yotham akalitazama birika, akatazama kundi lake. "Pale? Pale si wataumizana kwa pembe?" Kisha akamgeukia. "Tereza, mimi nilikubeba mgongoni kuvuka korongo hili likiwa limejaa. Leo unanifukuza?"

"Sikufukuzi wewe. Nafukuza ng'ombe."

"Mimi na ng'ombe wangu ni mtu mmoja," Yotham akasema. Akapiga mluzi, kundi likageuka, akaondoka nalo bila kuangalia nyuma. Krismasi ilikuja ikapita, hakukanyaga kwa dada yake. Tereza alimpelekea wali na nyama kwa mkono wa Anitha, na bakuli likarudi tupu, limeoshwa, bila salamu yoyote. Lilimuuma bakuli lile kuliko kama angerudishiwa chakula.

Na kama hilo halikutosha, lambo likaanza kunywa maji yake lenyewe. Mvua ilisimama, kama inavyosimama huku katikati ya masika, na maji yakashuka siku baada ya siku kwa namna ambayo jua peke yake haliwezi. Siku moja Tereza aliamka akakuta shimo limebaki na unyevu tu. Walikuwa wamechimba mno. Wameutoboa ule udongo mzito uliokuwa unashika maji na kufika kwenye mchanga wa chini. Kwenye mashine ya kusaga watu walisema, "Lambo la Mama Anitha lina kiu kuliko sisi." Punda Greda naye akapata jina jipya: Mwenyekiti.

Aliitisha mkutano mwenyewe, kabla hajaitishiwa. "Mimi ndiye niliyepiga kelele chimbeni," alisema, na safari hii ilibidi watu wainame ili wasikie. "Ninyi mmechimba. Kosa ni langu. Kama mnataka mtu mwingine, semeni."

Mzee Nikodemo akainuka na koti lake.

"Mimi nimekaa kwenye kiti hicho miaka mingi sikukosea hata mara moja," alisema, "kwa sababu sikufanya kitu. Mwacheni amalize." Akakohoa. "Halafu niwakumbushe. Lambo hili lilipochimbwa nilikuwa kijana. Walimwaga udongo wa kichuguu chini, wakaulowesha, wakaingiza ng'ombe waukanyage mpaka ukawa kama sakafu. Walikuwa ng'ombe wa mzee Chilongani, baba yake Tereza."

Watu wote wakamtazama Tereza. Kila mmoja alijua ng'ombe wa mzee Chilongani wako kwa nani sasa.

Asubuhi alikwenda. Alimkuta Yotham zizini anamtoa ndama kupe, na alijua kabisa kwamba kaka yake amemwona tangu alipotokea kwenye kona.

"Mbukwa, kaka," alimsalimu kwa Kigogo, kama walivyosalimiana utotoni.

Yotham akaendelea na kupe. Mkewe, Debora, akatoa kigoda, akamkalisha wifi yake, akarudi ndani haraka, ingawa si mbali na dirisha. Ndama alimalizwa sikio moja, likafuata la pili. Tereza akangoja. Kungoja kulimshinda siku zote, lakini siku hiyo alikuweza.

"Nimesikia lambo limekauka," Yotham alisema hatimaye.

"Limekauka."

"Nimesikia pia mnataka ng'ombe."

"Tunawataka, kaka."

"Juzi walikuwa wachafuzi. Leo wamekuwa mafundi?"

"Mafundi kabisa," Tereza akasema. "Tena mafundi wenyewe hawavui viatu."

Dirishani Debora akacheka, na Yotham naye akajaribu kukaza uso, ukamshinda. Alimwachia ndama.

"Nitakuja. Lakini birika lile lipanuliwe. Ng'ombe wangu watatobolewa macho pale. Niahidi sasa hivi."

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Neno lilishafika mdomoni. "Hilo siwezi kukuahidi mimi," alisema. "Lilete mkutanoni. Nitaliunga mkono, lakini lipite pale."

"Hata kwa ndugu yako?"

"Kwa ndugu yangu ndiyo zaidi. Nikikupa wewe hapa zizini, kesho nitamnyima nani?"

Yotham akamtazama dada yake muda mrefu, kama mtu anayekadiria ng'ombe aliyemwona zamani akiwa ndama. "Umekuwa mbishi kama baba," alisema, akaenda kufungua zizi.

Siku ya kukanyaga haijasahauliwa Masangha. Msafiri alileta udongo wa vichuguu kwa toyo lake mpaka mnyororo ukalegea. Kina mama walimwaga maji kwa ndoo. Kisha kundi la Yotham likaingia, na wafugaji wengine, kwa kutotaka kuonekana hawana kitu, wakaleta ng'ombe wao. Vumbi, mbolea, miluzi, matope mpaka magotini. Tereza aliingia kuliondoa dume moja lililogoma katikati, akateleza, akakaa chini kwenye matope kama mtoto anayeogeshwa. Dume lilimnusa, likaondoka lenyewe. Mzee Nikodemo alicheka hadi akavua koti, na wengi waliona kwa mara ya kwanza kwamba chini yake kuna shati.

Mvua za Machi zikaja zimekasirika, lambo likajaa, na likashika. Watu walikwenda kulitazama kila asubuhi kama mgonjwa aliyepona, wengine waliweka vijiti ukingoni kuona kama maji yanashuka. Yalishuka kidogo, kwa adabu. Hoja ya birika ilipelekwa mkutanoni, Yotham akaitetea mwenyewe kwa maneno mengi kuliko aliyowahi kusema hadharani, ikapita. Chini ya tuta kina mama wakagawana vijaruba, wakapanda nyanya na chainizi, na wakati Haneti nzima inakula mboga za kukausha, toyo la Msafiri lilikuwa linapeleka mboga mbichi hadi sokoni Majengo. Wateja wa Tereza walishangaa kumwona Mama Mlenda na nyanya.

Haikuwa neema isiyo na mwisho. Kiangazi kilipokomaa maji yalifika pabaya, na kamati ikakaa: ama bustani, ama mifugo na watu. Tereza alisema bustani zisimame, na akaanza na kijaruba chake, nyanya zikiwa zimeanza tu kupata wekundu. Kina mama wenzake walinuna. Mmoja alimwambia wazi kwamba ameipenda zaidi mifugo ya kaka yake. Hakubishana naye. Alichuma zile mbichi akatengeneza kachumbari kali, akampelekea bakuli. Wiki iliyofuata yule mama naye aliacha kumwagilia, na wengine wakafuata mmoja mmoja.

Maji yalitosha mpaka mvua za kwanza zilipokuja. Yalikuwa mazito, rangi ya chai ya maziwa, lakini yalifika, na mwaka huo hakuna punda wa Masangha aliyekwenda mtoni na madumu.

Jumapili moja baada ya ibada Tereza na Gideoni walikula kwa Yotham, ugali wa uwele na mlenda, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Walipokwisha kunawa Yotham akaanza kulalamika. Miiba ya ule uzio imezidi, inachoma ng'ombe wake miguuni wakipita kwenda birikani, na yeye anaona ingefaa isogezwe.

"Mkutano ni Jumamosi," Tereza alisema, akajimiminia maziwa mengine.