Kioo Juu ya Uchanja

Baba hakuwahi kuuliza nilisoma nini chuo kikuu. Aliuliza nilipoteza nini. Presha ya macho ilikuwa imeshamaliza jicho lake la kushoto, na daktari wa Meru mjini alimwambia bila kuzunguka kwamba la kulia litafuata kabla ya msimu mwingine wa viazi. Siku chache baadaye, akiwa nje ya nyumba yetu Kiirua na redio mapajani, akaniambia:

"Hiyo pete ya sayari ya Zohali unayotupigia kelele, nionyeshe. Nikiiona, sitakuuliza tena habari ya kazi. Nisipoiona, wewe ni mwongo mwenye digrii."

Haikuwa ajabu. Tangu nianze fizikia, kila alipofumba macho kuombea chakula nilimuuliza, "Huyo unayeongea naye, umemwona wapi?" Mama aliinamia sahani. Swali lilikuwa sahihi, na bado ni sahihi.

Darubini yangu niliinunua ikiwa imeshatumika: bomba refu lenye kioo kilichobonyea mwishoni. Watu hudhani kazi yake ni kukuza vitu. Kazi yake kubwa ni kukusanya mwanga, kama karai linavyokinga mvua. Likiwa pana, unapata zaidi. Kioo chenyewe kimepakwa utando wa alumini upande wa mbele, mwembamba hivi kwamba hata kidole huuharibu. Vumbi kidogo unaliacha. Nilimweleza baba hayo yote. Nikamweleza pia jinsi wataalamu wanavyoutawanya mwanga wa nyota uwe rangi, kisha kwenye mistari myeusi inayokatiza rangi hizo wakasoma nyota ina gesi gani.

"Nani alienda kuionja?" akauliza.

Siku tuliyopanga, nilikitoa kioo nikaze skrubu, nikakuta moja imelika. Nikakifunika kwa kitambaa mezani, nikaenda senta kutafuta nyingine.

Kwetu sufuria hukaushwa kwenye uchanja unaotazama barabara, na wapita njia humpima mwanamke kwa jinsi zinavyong'aa. Shangazi, dada yake baba, alikuwa amekuja kutusaidia kuvuna. Niliporudi, sufuria zote zilikuwa zikimeta juani, na katikati yao kioo changu, ambacho hakikumeta. Niliona fito za uchanja kupitia kwake.

"Profesa, nimekuoshea kale kasahani kako," akasema akijifuta mikono. "Kalikuwa na vumbi, aibu tupu. Ndugu yangu aangalie mbinguni kwa kitu kichafu?"

Alikuwa ametumia majivu na waya wa kusugulia sufuria. Majivu hula alumini. Waya ulimalizia kwa kuikwaruza glasi.

"Shangazi, umempofusha kabla ya ugonjwa."

Tabasamu likamfutika. "Mimi nimesugua glasi. Aliyesema atapofuka ni daktari wenu."

Baba, kwenye kiti chake, alicheka peke yake. "Sayansi gani hiyo inashindwa na majivu?"

Ilibidi kioo kitumwe nje ya nchi kikang'arishwe na kupakwa upya. Kiliporudi, viazi vingine vilikuwa vimechanua.

Jioni hiyo, giza lilipoanza kuingia, nilimshika baba mkono, nikamketisha, nikamwekea jicho la kulia kwenye kitundu cha kuchungulia. Nilikuwa nimeiona pete mwenyewe kabla yake: wazi, kali, nzuri kiasi cha kutia hasira.

"Kuna nini hapa?" akauliza.

"Kuna duara, baba. Pete imelizunguka bila kuligusa."

"Wewe umeiona?"

"Nimeiona."

Akainua kichwa, akageukia upande ambao sikuwa nimesimama. "Mimi sijaiona. Miaka yote umekaa kwenye meza yangu ukinifundisha nisiamini nisichokiona. Basi nimefuzu."

Akapapasa redio mpaka akaipata, akaongeza sauti. Shangazi, aliyekuwa amekuja tena kututembelea, alicheka mpaka akashika mlango asianguke.