Ukurasa wa Pili wa Barua ya Hidaya

Ipo Ijumaa moja ambayo naikumbuka mpaka harufu yake ya iliki, mwanangu, na kila kijana anaponijia na barua ya chuo mkononi hunirudia kabla sijafungua kinywa. Wewe umekuja na yako, umeiweka mezani, unataka nikwambie ni nzuri. Ni nzuri, hongera sana. Sasa kaa kidogo nikusimulie ya kwetu.

Ilikuwa Dubai, katikati ya ile miaka ya elfu mbili na kumi. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, umri ambao mtu hujidhani ameshakua, lakini akili niliyokuwa nayo ilikuwa ya ujana mtupu, na ndiyo maana nakuhadithia kama habari ya ujana wangu. Nilikaa kambi ya kampuni kule Al Quoz, watu sita chumba kimoja, na kila alfajiri basi la kampuni lilitupeleka Jebel Ali kwenye yadi ya vyuma chakavu. Kazi yangu ilikuwa mizani ya malori. Lori linapanda, nasoma namba, naandika, linashuka. Nilikuwa na miaka tisa kwenye kibanda kile, na mke wangu na watoto walikuwa Kondoa. Mkubwa wao alikuwa Hidaya.

Huyo Hidaya, nisije nikaonekana najisifu, Mungu alimpa kichwa ambacho sijui alikitoa upande gani wa ukoo. Alipomaliza kidato cha sita, mwalimu wake wa hesabu alimsaidia kuomba vyuo vya Marekani kwa njia ya mtandao. Nilipoambiwa nilicheka. Sikuwa namdharau mtoto, ila jambo lenyewe lilikuwa mbali na sisi kupita kiasi. Mimi nilifika Dubai nikiwa na cheti cha darasa la saba na leseni ya udereva iliyokwisha muda wake.

Basi zikaja barua mbili, wiki moja. Hidaya akanitumia zote kwenye simu, na kwa kuwa kioo cha simu yangu kilikuwa kimepasuka, nikaenda kwenye duka la kuchapa karibu na kambi, pale wanapojaza fomu za viza. Yule bwana wa Kihindi akaanza kuchapa ile ya kwanza, na ilipokuwa inatoka kwenye mashine nilisimama wima bila kujijua. Ilikuwa na nembo ya dhahabu juu. Chini yake jina la mwanangu, limeandikwa kamili, pamoja na jina langu na la baba yangu, watu wa Kondoa hao, katika karatasi ya chuo kikuu cha jimbo huko Marekani. Kisha pongezi. Kisha kwamba kwa ajili ya alama zake bora amepewa ufadhili wa dola elfu kumi na tano kwa mwaka. Nilijiona kama mtu aliyeingia msikiti mkubwa kwa mara ya kwanza, hajui atazame wapi.

Barua ya pili ilitoka kwa wino mweusi mtupu. Ilikuwa ya chuo kingine, cha jimbo jingine, kidogo, mji wake sikupata kuusikia. Haikuwa na nembo ya dhahabu wala tarakimu yoyote ya dola. Ilikuwa na maneno tu, tena marefu, na Kiingereza changu ni cha yadi. Nikaikunja.

Yule bwana akaniuliza kama nataka kuitia plastiki ngumu, kama kitambulisho. Nikamwambia ndiyo, ukurasa wa kwanza wa ile kubwa. Ule ukurasa wake wa pili ulikuwa na majedwali, nao ungeniongezea gharama ya plastiki, sikuona faida yake. Nikanunua bahasha, nikaitia ile barua yangu inayong'aa, na ukurasa wa pili pamoja na ile barua ndogo nikaviweka nyuma yake ili isikunjike. Umenielewa? Nilizifanya karatasi hizo kuwa mto wa kulalia mwenzao.

Kambi nzima waliiona. Niliipitisha chumba kwa chumba, Watanzania, Waganda, Wakenya. Mutua, dereva wa forklifti tuliyekuwa naye chumba kimoja, Mkenya wa maneno mengi, aliishika kwa ncha za vidole akasema, “Buda, mtoi wako ameomoka. Hii ni noma.” Yaani mwanangu amefanikiwa, tena si mchezo. Hata arbab wetu, yaani bosi wa yadi, mtu asiyecheka, aliisoma juu mpaka chini akanipa mkono. Miaka tisa hakuwahi kunipa mkono. Jioni ile nikampigia Hidaya nikamwambia akubali chuo kikubwa, na kile kidogo awaandikie ashukuru, awaambie hapana. Akaniuliza, “Na kinachobaki, Baba?” Nikamwambia kinachobaki ni kazi ya baba, yeye ashughulike na masomo. Nilijisikia mwanaume kweli kweli nilipokata simu.

Kulikuwa na mama mmoja, Bi Salama, mtu wa Unguja, mjane, aliyefika Dubai zamani na kupata wajukuu huko huko. Kila Ijumaa baada ya sala alifungua nyumba yake kwa watu wa kwetu. Ukijua Kiswahili na ukiwa na njaa, inatosha. Unakuta sinia la wali, mchuzi wa samaki, na chai yake iliyojaa iliki. Sote tulimheshimu na kumwogopa kidogo, maana alikuwa na ulimi. Kabla ya kustaafu alikuwa karani katika ofisi ya skuli moja ya wenye uwezo, na barua za vyuo vya watoto wale zilipita mikononi mwake miaka ishirini. Hilo sikulijua bado. Nilimpelekea barua ili anisifu tu.

Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamkabidhi bahasha kwa mikono miwili. Akavaa miwani. Akausoma ule ukurasa wa plastiki, akaugeuza nyuma, akakuta peupe.

“Mbona imekatika?” akaniuliza. “Ukurasa wa pili u wapi?”

Nikamwambia umo humo ndani, lakini una majedwali tu. Akanitazama juu ya miwani, akasogeza sinia la wali pembeni. Kisha akaniuliza kazi yangu nini. Nikashangaa, kwani alikuwa anajua. Nikamjibu, mizani. Akaniuliza lori likipanda na mzigo, je, naandika kilo zile zile na kumlipa mtu? Nikamwambia hapana, Bi Salama, haiwezekani. Lazima lishushe vyuma, lirudi tupu, lipimwe tena, tutoe uzito wa lori lenyewe. Bila hivyo kampuni inanunua mpaka matairi.

“Sasa malori ya watu unayapima mara mbili,” akasema, “na mwanao umempima mara moja, tena kwa macho. Huoni haya?”

Mwanangu, nimewahi kutukanwa na madereva wa kila taifa pale yadi, na sikumbuki tusi moja. Hayo maneno nayakumbuka. Alitoa ule ukurasa wa pili, akaunyoosha kwa kiganja, akamwita mjukuu wake amletee penseli, na akanieleza mambo ambayo nilipaswa kuyauliza kabla ya kukimbilia plastiki. Akasema vyuo hivi ni vya majimbo. Wenye jimbo wamekichangia chuo chao kwa kodi, kwa hiyo watoto wao wanalipa kidogo. Mtoto wa jimbo la jirani tu hulipa mara mbili, mara tatu. “Sembuse wa Kondoa,” akasema. Ada ya mgeni ilikuwa pale kwenye jedwali, na chini yake chumba, chakula, bima, vitabu. Jumla ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ule ufadhili. Akatoa. Akanionyesha kilichobaki kwa mwaka mmoja, akaniambia nizidishe kwa minne. Sikuzidisha. Kile cha mwaka mmoja peke yake kilikuwa mshahara wangu wa miaka mitano na zaidi, nisile, nisivae, nisitume hata senti nyumbani.

Halafu akaikunjua ile barua ndogo. Aliisoma polepole, na nikaona uso wake unabadilika. Akaanza tena juu. Mwisho akaweka miwani mezani akasema subhanallah. Chuo kile kidogo kilikuwa kimesema, kwa maneno yale marefu niliyoyakunja, kwamba kwa alama zake Hidaya hatahesabiwa mgeni. Atahesabiwa kama mtoto wa jimbo lile, na hata ada ya wenyeji ataondolewa, na chumba na chakula cha bwenini juu yao, miaka minne, ilimradi alama zisishuke chini ya kiwango walichokitaja. Yaliyobaki yalikuwa bima, vitabu na nauli. Mzigo, ndiyo, lakini mzigo ambao mtu wa mizani anaweza kuubeba.

Ndipo nikakumbuka nilichomwamuru mtoto. Nilimwambia Bi Salama kwamba nimeshaikataa. Nikabonyeza namba nikaikosea mara mbili, akanipigia yeye.

Hidaya akapokea. Sikumsalimia hata. Nikamwuliza kama ameshawaandikia wale wa chuo kidogo. Akaniita, “Baba,” na kwa namna alivyoniita nikajua imekwisha, khalas. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeungama kosa kwamba ameandika, tena siku ile ile niliyomwagiza, lakini hajatuma. Ina siku tisa, kila asubuhi anakwenda kuifungua na kila asubuhi anaifunga. Nisamehe, Baba, akasema, sikutaka kukuasi.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alizipiga hesabu zote tangu siku ya kwanza, na mwalimu akazihakiki. Alijua kinachobaki ni kingi kupita kiasi. Lakini mimi nilikuwa na furaha ambayo hajapata kuisikia kwenye sauti yangu, na nilisema kinachobaki ni kazi yangu. Isitoshe zilikuwepo picha nilizotuma miaka yote ile, mimi nimeegemea gari jeupe, mimi mbele ya jengo la vioo. Akajiuliza, huenda Baba anazo.

“Sijui unapata kiasi gani,” akasema. “Nimetaka kukuuliza, nikaona aibu.”

Gari lile lilikuwa la mteja, mwanangu. Na jengo lile nililiona kwa nje tu, siku ya mapumziko, kama kila mtu. Sote tulifanya hivyo pale kambini; hakuna aliyetuma nyumbani picha ya kitanda chake cha ghorofa. Tuliona ni kuwapa watoto moyo. Kumbe nilimnyima mtoto wangu tarakimu moja aliyoihitaji kuliko zote.

Basi nikamwambia. Dirhamu elfu moja na mia nane kwa mwezi. Nikamtajia na zile ninazotuma, ambazo anazijua. Mtoto wa hesabu huyo, hakuhitaji kalamu. Nilisikia anavuta pumzi, nikasubiri alie, au aseme kwamba nimemdanganya, na haki angekuwa nayo.

“Sasa Baba,” akasema, “wewe unakula nini?”

Nilikuwa nimekaa mbele ya sinia la wali wa watu, mchuzi mkononi, mtu mzima nalia. Bi Salama akainuka na kwenda jikoni, akajifanya anatafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mezani.

Nimeona maajabu ya Dubai, nimeona jengo ambalo ukitazama kilele chake kofia inaanguka. Hakuna kilichonistaajabisha kama mtoto yule wa miaka kumi na tisa, aliyebeba hesabu yote peke yake siku tisa ili asinivunje moyo, na neno lake la kwanza alipojua ukweli likawa hilo. Nilijiuliza nimemzaa mimi au nimeletewa. Bado najiuliza.

Siku ile ile alijibu chuo kidogo akakubali. Alikwenda, akasoma, akamaliza, na mengine unayajua.

Sasa hiyo yako. Nimeiona nembo, nimeiona namba iliyokozwa wino. Usinionyeshe hizo tena. Nenda kalete ukurasa wa pili, tutafute gharama yote ya mwaka, ya mtu wa nje kama wewe, tutoe walichokupa, tukione kinachobaki uchi uchi. Kinachobaki ndiyo bei ya chuo unachokinunua. Tuangalie pia kama ufadhili ni wa mwaka mmoja au wa yote, na alama zikishuka kidogo nini kitatokea, maana homa ya wiki mbili inatosha kushusha alama. Na barua yoyote iliyokuja bila mapambo, isome mara mbili, hata kama itabidi umtafute mtu wa kukusomea.

Lakini hayo ni mepesi, hata karani atakusaidia. Lililo zito ni kumkalisha baba yako na mama yako leo, kabla hujajibu mtu, uwaulize wana kiasi gani. Uulize kwa adabu, lakini uulize. Baba yako atababaika, huenda akakufokea. Vumilia, akitulia uulize tena. Atakapokwambia, usimwonee huruma ya machozi, na usimcheke. Mshukuru, kwa sababu mzazi kumtajia mwanawe kipato chake ni kazi ngumu kuliko kukipata. Na ukiona wamefurahi mno na wewe unajua hesabu haikubali, sema. Furaha ya wazazi si sababu ya kunyamaza.

Mwenyezi Mungu akubariki, mwanangu. Akupe chuo ambacho wazee wako watakusindikiza wakiwa na nguvu zao, akulindie afya yako na alama zako ugenini, na akujaalie kinywa chepesi cha kusema kweli mbele ya watu unaowapenda. Haya, inuka. Baba yako yuko nyumbani sasa hivi.